Tasnifu iliyolala kabatini miaka kumi na moja: kisa cha maktaba moja ya chuo kikuu

Kisa hiki nilikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho, nikiwa mkutubi, na nakiandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu na walimu wanaosimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, maana kila nikikutana nao naulizwa swali lilelile, kwamba kuziweka mtandaoni tasnifu, yaani zile kazi za utafiti wanafunzi hao wanazoandika ili wahitimu, kuna faida gani hasa wakati kabati lipo na chumba kipo. Jina la chuo nimelitoa, la wilaya nimelitoa, kijiji pia, na wahusika nawaita kwa kazi zao tu.

## Usuli

Chuo ni cha umma, kipo Tanzania bara, kinafundisha uzamili kwa miongo kadhaa sasa. Tasnifu zilikuwa na chumba chake ghorofa ya juu, kava gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni, zimepangwa kwa mwaka na kwa kitivo, na ufunguo alikuwa nao mama mmoja tu ambaye akiumwa au akienda msibani basi chumba hakifunguliwi mpaka arudi. Ukitaka kusoma unaacha kitambulisho, unasoma palepale, kutoa kopi hairuhusiwi zaidi ya kurasa chache. Kila mwanafunzi alikuwa analeta nakala nne zilizobaindiwa kwa pesa yake mwenyewe, moja inakuja kwetu, moja idarani, moja kwa msimamizi na moja kurugenzi ya uzamili, na ukienda idarani kuiulizia ile yao mara nyingi unaambiwa iliazimwa na mwalimu fulani ambaye alishahama.

Kwenye katalogi yetu kila tasnifu ilikuwa na jina la mwandishi, kichwa na mwaka, basi. Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi, hamna, maneno makuu ya kuitafutia hamna, jina la wilaya iliyofanyiwa utafiti hamna kama halipo kwenye kichwa.

Na si kwamba dunia ilikuwa bado haijajua njia nyingine. Chuo cha Virginia Tech kule Marekani kilishaanza kuwataka wanafunzi wake walete tasnifu kwa faili toka mwaka 1997. Programu ya DSpace, ya kuhifadhi na kuonyesha kazi kama hizi mtandaoni, iliyotengenezwa na maktaba ya chuo cha MIT cha hukohuko Marekani pamoja na kampuni ya HP, ilitoka 2002 na ni ya bure, chuo chochote kinaichukua. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar 2009 na baada ya hapo ile hoja ya kwamba intaneti ni ghali na ya mwendo wa konokono ilianza kupungua nguvu. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, na Sokoine pale Morogoro walikuwa wameshafungua hifadhi zao za mtandaoni. Sisi tulikuwa tunalijua hili, tumelijadili kwenye vikao si mara moja, ila kila mara linaishia "tuunde kamati".

## Kilichotokea

Siku moja asubuhi ikapigwa simu ya maktaba, mimi nikapokea. Ni injinia wa maji wa wilaya moja ya kaskazini. Anasema mradi wao umechimba visima viwili kwenye kijiji kimoja, kile cha pili maji yametoka mengi na wananchi wameshafurahi, lakini majibu ya maabara yamerudi na floraidi iko juu sana. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji yale yalikuwa yamepita hapo mara kadhaa. Wanaoijua kaskazini wanaelewa maana yake, ile miamba ya volkano ya bonde la ufa inatoa floraidi kwenye maji, watoto wanaota meno ya kahawia, na ikizidi zaidi mifupa inapinda. Kisima kikafungwa na pesa ikawa imeshaenda.

Sasa kwenye mkutano wa kijiji, wakati injinia anawaeleza watu kwa nini kisima kimefungwa, mzee mmoja akasimama akasema mbona alikuja hapa kijana wa chuo miaka ile, akachota maji kwenye vichupa, visima vyote na chemchemi zote, akaandika kwenye daftari, akasema atarudi na majibu. Wanakijiji wengine wakakumbuka, hata jina lake la kwanza wakalikumbuka. Injinia akaanza kupiga simu vyuoni, chetu kilikuwa cha tatu.

Kuitafuta kulituchukua siku mbili, maana kichwa cha tasnifu kilitaja jina la bonde tu, kijiji hakikutajwa. Mama wa ufunguo ndo aliyeiona, kwa kumbukumbu yake tu kwamba kuna kijana wa kemia aliwahi kuandika mambo ya maji. Nikaifungua pale pale nimesimama. Kulikuwa na jedwali la vyanzo vyote vya maji vya eneo lile, kila kimoja na kipimo chake cha floraidi wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na ramani iliyochorwa kwa mkono. Eneo kilipochimbwa kile kisima lilikuwa limeandikwa wazi kabisa kwamba halifai. Na upande wa pili wa korongo kulikuwa na chemchemi iliyo chini ya 1.5 majira yote mawili. Tasnifu ilikuwa na miaka kumi na moja pale kabatini, na kwenye karatasi ya kugongea tarehe za wasomaji nyuma ya kava kulikuwa na mihuri miwili tu, yote ya mwaka uleule iliyowasilishwa.

Utaratibu ulikuwa hauruhusu kutoa kopi ya tasnifu nzima. Mkuu wa maktaba akatoa ruhusa maalumu, tukatoa kopi ya sura mbili na ramani, tukaweka kwenye bahasha, tukampa kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Injinia alipoipata akanipigia, akaniuliza, "Dada, hii kitu kwa nini haiko mtandaoni?" Sikuwa na jibu la kumpa.

## Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Barua ya shukrani ya injinia ilipofika kwa uongozi ikatusaidia kuliko maandiko yote tuliyokuwa tumeandika. Tukapewa seva moja na jamaa wawili wa aiti kwa muda, tukaambiwa tuanze.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni wapi pa kuanzia. Wengi walitaka tuanze kuskani za zamani, kwa sababu ile iliyotuumiza ilikuwa ya zamani. Mimi na mwenzangu mmoja tukasema hapana, tuanze na za mwaka huu, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka huu faili analo tayari, ni kuliomba tu, halafu yeye yupo hapa anaweza kusaini. Ukianza na za zamani unajaza maji kwenye pipa ambalo kila mwaka linaongezewa tobo. Tukakubaliana fomu ya kiliaransi iongezwe mstari mmoja, kwamba mwanafunzi hamalizi taratibu za kuondoka mpaka maktaba isaini kuwa imepokea faili la PDF lenye masahihisho yote ya mwisho. Nakala za kubaindi zikashuka kutoka nne hadi moja. Wanafunzi waliupokea uamuzi huu kwa mikono miwili, maana kuprinti na kubaindi vitabu vinne vya kurasa mia mbili ilikuwa ni pesa inayoweza kulipa kodi ya chumba.

Uamuzi wa pili ndo uliotoa jasho, tuweke tasnifu nzima au ikisiri tu? Walimu kadhaa waliogopa. Hoja yao kubwa ilikuwa wizi, kwamba ukiweka kitu chote hadharani watu watakopi. Hoja ya pili ikawa kwamba majarida yatakataa makala inayotoka kwenye kazi iliyo mtandaoni tayari. Niliwaelewa, mwalimu aliyemsimamia mwanafunzi miaka mitatu ana haki ya kuogopa. Ila tulijibu hivi: kazi iliyo kabatini ndo rahisi kuibiwa, kwa sababu programu za kukagua wizi wa maandishi zinalinganisha na kile zinachokiona, na kabati letu hazilioni, mtu anaweza kuichapa upya sura nzima kwenye chuo kingine na hakuna mashine itakayomkamata. Na kuhusu majarida, mengi yanapokea makala iliyotokana na tasnifu, na kwa yule mwenye wasiwasi tukaweka nafasi ya kuzuia kwa muda, mwaka mmoja au miwili, ikisiri inaonekana ila faili limefungwa mpaka tarehe ifike. Seneti ikapitisha tasnifu nzima.

Uamuzi wa tatu ni ruhusa. Hapa naomba wenzangu wasipite haraka. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, aliyeandika ndiye mwenye haki, na ulinzi unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuwa na kitabu kwenye rafu yako hakukupi haki ya kukichapisha. Kwa wapya tukatengeneza fomu ya ukurasa mmoja, lugha rahisi, kwamba mwandishi anabaki na haki yake yote na anakiruhusu chuo kuhifadhi na kuonyesha kazi yake bila malipo. Kwa wa zamani tukaamua kuwatafuta mmoja mmoja, na asiyepatikana tunaweka ikisiri tu. Hii ilituchelewesha sana lakini sijawahi kuijutia.

Wa kwanza kutafutwa alikuwa yule kijana wa kemia, ambaye sasa hivi ni mtu mzima, anafundisha sekondari mkoa mwingine kabisa. Nilipompigia na kumwambia kuna injinia ametumia kazi yake, alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mi niliwaahidi wale wazee nitarudi na majibu, nauli ikanishinda." Fomu aliisaini siku hiyohiyo akaituma kwa picha.

## Matokeo

Ndani ya miaka mitatu karibu tasnifu zote mpya zilikuwa zinaingia zenyewe, na za zamani tukawa tunaenda nazo taratibu kila tunapopata ruhusa na mtu wa kuskani. Kilichonishangaza ni nani wanaozisoma. Tulidhani watakuwa wanafunzi wetu wenyewe. Kumbe kaunta ya programu ikawa inaonyesha wasomaji wa nchi ambazo hatukuwahi kuwaza, na barua pepe zilizokuja zilitoka kwa maafisa kilimo, kwa muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyetaka utafiti wa lishe ya eneo lake, kwa Mtanzania anayesoma Ujerumani aliyehitaji kazi ya kiisimu juu ya lugha ya bibi yake. Hawa wote kwa utaratibu wa zamani walitakiwa wapande basi waje waache kitambulisho kwa mama wa ufunguo.

Wale walimu waliokuwa na hofu, mmoja wao ndo akawa mtetezi wetu mkubwa. Alikuwa mtahini wa nje wa chuo kingine, akaletewa tasnifu asome, programu ya ukaguzi ikang'aa nyekundu sura ya pili nzima, chanzo kikiwa ni tasnifu ya mwanafunzi wake mwenyewe kwenye hifadhi yetu. Alikuja ofisini kwangu akaniambia, "Mkutubi, bila hii hifadhi mimi ningeisoma na kuisifu."

Na kule kijijini, injinia aliandika kwamba chemchemi ile ilipimwa upya, majibu yakafanana na ya kwenye tasnifu, wakaijengea na kuvuta bomba. Nakala ya ikisiri kwa Kiswahili ilibandikwa ofisi ya kijiji. Hiyo ya Kiswahili haikuwemo kwenye tasnifu, mwandishi aliiandika kwa ajili yao baada ya miaka yote ile.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichotubeba zaidi ya vyote ni ule mstari kwenye fomu ya kiliaransi. Kabla yake tulishawahi kuwaomba wanafunzi walete mafaili kwa hiari, tukapata machache mno, si kwa ubaya, mtu akishamaliza anawaza kazi na nyumbani. Kitu kikiwa sehemu ya njia ambayo lazima aipite hakihitaji kampeni wala semina.

La pili ni ikisiri na maneno makuu. Tulimtaka kila mwanafunzi aandike majina ya wilaya na kata alikofanyia utafiti, na ikisiri iwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Jambo dogo, dakika ishirini za mwanafunzi, lakini ndo linalomfanya mtendaji wa kata aandike jina la kata yake kwenye simu na kazi ikatokea. Tasnifu yetu ya maji ingekuwa na kata zake kwenye katalogi, hata kwenye ile katalogi ya zamani, zile siku mbili zingekuwa dakika mbili. Kwa hiyo nasema kwa uhakika, faida ya tasnifu ya mtandaoni inaanzia kwenye kuonekana, na kuonekana ni kazi ya mkono wa mtu, kompyuta haiifanyi.

La tatu ni usalama wa kazi zenyewe. Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town ukaunguza maktaba ya Jagger, na makusanyo ya Afrika yaliyokuwa mle yakapotea kwa wingi. Nilizitazama zile picha usiku nikawaza chumba chetu cha ghorofa ya juu chenye waya za umeme za zamani. Tulikuwa na nakala mojamoja za kazi ambazo duniani hazipo popote pengine. Sasa kila faili liko kwenye seva, kuna bakapu jengo jingine, na bakapu ya pili nje ya mkoa.

## Uchambuzi: tulipoanguka

Tulianguka sehemu nne na mbili kati ya hizo zilikuwa za kuepukika kabisa.

Ya kwanza, tuliskani za zamani kama picha. Tukapiga picha za rangi, nzuri, faili moja megabaiti tisini, tukafurahi. Halafu ikapita miezi na hakuna anayezipata, kwa sababu picha ya maandishi si maandishi, mashine ya kutafutia haioni neno hata moja mle ndani. Na Google Scholar, ule mtandao wa Google wa kutafutia maandiko ya kitaaluma, wao wanataka faili la PDF lisizidi megabaiti 5. Halafu mfikirie mtu mwenye bando la wiki, unampa faili la megabaiti tisini asome kurasa kumi. Ikabidi turudie, rangi nyeusi na nyeupe kwa kurasa za maandishi, rangi kwa ramani tu, kisha tunapitisha programu inayosoma herufi kwenye picha na kuzigeuza maandishi. Kazi ya miezi saba tuliifanya mara mbili.

Ya pili, linki. DSpace ukiisimika inakuja na namba ya kuanzia 123456789 kwenye anwani ya kila kazi, ni namba ya mfano tu, unatakiwa uende ukasajili ya kwako ili anwani iwe ya kudumu hata ukihama seva. Hatukusajili, ada yake ilikuwa ndogo ila hakuna aliyejua ilipiwe kutoka fungu gani. Mwaka wa tatu tukabadilisha seva na jina la tovuti, linki zote zilizokuwa kwenye makala za watu, kwenye bibliografia, kwenye barua za injinia, zikafa kwa pamoja. Watu walidhani tumefunga. Ukiona hifadhi yenye 123456789 kwenye anwani zake mkumbushe mwenyewe leo, asingoje mpaka ahame.

Ya tatu ndo inayoniumiza mpaka sasa. Tulipakia tasnifu moja ya afya bila kuangalia viambatisho. Mwishoni kulikuwa na orodha ya waliohojiwa, majina kamili, namba za simu, na maradhi yao. Kwenye kabati ilikuwa imekaa hivyo miaka bila mtu kujua, ila mtandaoni mmoja wa waliohojiwa alijitafuta jina lake akajikuta. Alinipigia mwenyewe, hakufoka, alilia. Tuliishusha ndani ya dakika chache, tukaandika kwa kampuni za kutafutia waondoe kumbukumbu yake, tukamwandikia barua ya kuomba radhi, lakini muda ilipokaa wazi hatuwezi kuurudisha. Leo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata hivyo hatukuhitaji sheria kujua kwamba yule mtu alimwamini mtafiti. Sasa hakuna faili linalopanda bila mkutubi kufungua viambatisho ukurasa kwa ukurasa, na mwanafunzi anasaini kuwa ameondoa majina. Walimu, hili naomba mlianze huko kwenu, kabla faili halijafika kwetu, mtafiti anayeandika majina halisi kwenye kiambatisho alitakiwa akamatwe kwenye rasimu ya kwanza.

Ya nne iligunduliwa na yule kijana wetu wa kemia, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari. Tulipomtumia linki ya kazi yake aliifungua kwenye simu, akaisoma yote usiku ule, akanipigia asubuhi. Salamu, shukrani, halafu kwa upole sana akauliza ukurasa wa 87 uko wapi. Nikafungua, kweli, kutoka 86 unaruka kwenda 88, karatasi mbili zilishikana kwenye skana na aliyeskani hakuhesabu. Ukurasa wa 87 ulikuwa ndo lile jedwali, nusu yake ya pili, yenye ile chemchemi. Nikapanda ghorofani nikaitoa ile ya kava gumu, nikauskani mwenyewe, nikaupachika mahali pake kabla ya saa sita mchana. Toka siku hiyo tunahesabu kurasa watu wawili, mmoja ameshika kitabu, mwingine anaangalia kioo, na za zamani zote zilizokuwa zimeshapanda tulizirudia kuhesabu. Kumi na tisa zilikuwa na ukurasa uliopotea.